Koti la Bawabu na Saa Iliyoibwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: anajulikana zaidi kama Mzee Mlango
Umri: miaka 63
Kazi: bawabu mstaafu
Makazi: nyumba za nyuma ya stesheni

Mimi ndiye mtajwa hapo juu. Nilikuwa bawabu wa hoteli kubwa ya zamani hadi ilipofungwa na kugeuzwa kuwa jengo la maduka ya kifahari. Mtuhumiwa ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Hotelini alikuwa akimenya viazi. Wenye jengo walipotafuta mtu wa kuvaa koti la zamani, kufungua mlango na kuwasimulia wateja habari za hoteli, walimchukua yeye kwa sababu ana meno mazuri. Koti ni langu. Habari anazosimulia ni zangu pia. Hata akija nyumbani, mke wangu humkalisha kwenye kiti changu.

Mnamo Jumamosi tarehe 14, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye benchi mkabala na mlango. Sikwenda kununua kitu. Huwa nakwenda kumwangalia anavyokosea. Wivu ninao, afande, andika tu.

Muuza saa alitoka dukani, pale palipokuwa chumba cha chai, akipiga kelele kwamba ameibiwa. Mlinzi alimvamia shemeji, akamkamata koti, kisha akainua saa juu. Akasema, "Nimeitoa mfukoni mwake!" Shemeji alinitazama. "Shem, sema basi." Niliinuka kwenye benchi. Nilirudi nyumbani, nikala nikashiba.

Leo asubuhi mke wangu amekataa chai. Ameniuliza, "Wewe si ulikuwepo?" Nimevaa viatu nikaja.

Mifuko ya koti lile haiingii hata kidole. Bawabu wa hoteli hakuruhusiwa kutia mikono mfukoni mbele ya wageni, hivyo tulikuwa tunaishona. Ya kwangu niliishona mwenyewe kwa uzi wa buluu, mweusi ulikuwa umeisha. Juu ina vifuniko, huwezi kujua. Shemeji naye wamemfundisha kusimama mikono nyuma. Saa ile mlinzi aliitoa kwingine.

Haya nimeyaona kwa macho yangu, nimesomewa nami nimeyakubali. Shemeji aachiwe. Ila koti asirudishiwe, mabega yanamning'inia.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Ofisa mwandikaji: Koti limeletwa mbele ya shahidi. Mifuko yote imeshonwa kwa uzi wa buluu. Shahidi aliomba kulivaa ili aonyeshe, likamkaa sawasawa. Ilibidi aombwe mara tatu kulivua.