Foleni Ilikuwa Fupi

Jumanne, Kware. Manyunyu tangu alfajiri, baridi hadi kwenye mifupa.

Wacha niandike kabla sijaanza kujitetea.

Kazi yangu, ninayoifanyia chumbani kwangu, ni kukodolea macho foleni. Si ya watu, ya jumbe. Viwanda vinatuma majina ya vibarua wanaotakiwa siku hiyo, majina yanapanga foleni kwenye mtambo wetu, kisha programu inayachukua moja moja na kumtumia kila mwenye jina ujumbe wa simu: njoo. Zamani walisimama langoni tangu giza, wakingoja kuchaguliwa kwa kidole. Siku hizi wanangojea nyumbani. Nilijivunia hilo, tena sana. Mama Nekesa, jirani yangu wa mlango wa pili, nilimwandikisha mimi mwenyewe.

Leo saa kumi na moja na nusu akabisha. Alikuwa ameshavaa viatu vyake vya mpira.

"Barasa, mbona hii simu imenyamaza? Wacha niende tu kwa gate, nitajulia huko."

Nikatazama skrini. Jumbe thelathini na nane kwenye foleni. Mstari wa kijani, yaani hakuna hitilafu.

"Usinyeshewe bure, mama. Mtambo uko sawa. Wangekuwa wamekuita simu ingelia."

Akacheka, akasema basi mimi ndiye mganga wake wa simu, akarudi kuvua viatu.

Nilimzuia mimi. Hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Kosa lenyewe ni la kijinga hadi naona haya. Kengele ya tahadhari niliyoiweka hulia jumbe zikifika mia tano. Nilihesabu idadi, sikupima ule wa kwanza umengoja tangu saa ngapi. Na mimi naishi kwenye ploti hii ya vyumba vya kupanga, napanga mtungi na wenzangu kila maji yakija! Mitungi mitatu kwenye bomba lililokauka si foleni fupi. Nalijua hilo tangu nihamie hapa, ila kwenye kompyuta sikulikumbuka.

Programu ya kutuma ilikuwa imekwama tangu saa kumi. Niligundua saa mbili, nilipoona ni zile zile thelathini na nane. Hata kuiwasha upya siruhusiwi, ruhusa yangu ni ya kutazama tu. Nikampigia mkubwa wangu, akaiwasha, foleni ikaisha mara moja.

Kupitia ukutani nikasikia simu ya Mama Nekesa ikilia. Kisha mlango. Kisha viatu vya mpira vikishuka ngazi mbio, ghorofa sita.

Alikuta lango limefungwa. Nafasi yake ilichukuliwa na mmoja wa wale wasioamini simu, waliokwenda kusimama pale kama zamani.

Kwenye rekodi za kiwanda ameandikwa: hakufika. Mwezi jana pia hakufika, bintiye Nekesa alipolazwa hospitalini. Ukiitwa usifike mara mbili, jina linatolewa kwenye orodha ya wanaoitwa. Nilimsihi mkubwa aifute hiyo ya leo.

"Bro, hizo records ni za client, hatugusi. Wewe andika tu report."

Nimeandika. Kurasa mbili, na hakuna mahali palipokuwa na nafasi ya jina lake.

Jioni ameniletea bakuli la mboga, kwa kuwa ameona sijapika.

"Usiweke kwa roho, Barasa. Ni network tu hiyo."

Sikumsahihisha. Nilisema asante, nikafunga mlango. Bakuli bado liko mezani, limefunikwa.

Tahadhari nimeibadilisha. Sasa italia ujumbe wowote ukingoja dakika mbili. Imetulia kabisa. Foleni iko tupu, kila kitu ni kijani, na kwenye orodha ya wanaoweza kuitwa kesho jina la Mama Nekesa halimo. Nimeangalia mara nne.

Yeye hajui. Saa kumi na moja na nusu atabisha, viatu miguuni, kuniuliza kama ameitwa.

Nitamfungulia. Zaidi ya hapo sina ninachoweza kuahidi.