Niliweka Sahihi Mjukuu Wangu Asomee Stoo

Mshauri mpendwa, mimi si mtu wa kuomba msaada, ulizia popote, fundi mwashi miaka arobaini na miwili na hakuna ukuta wangu hata mmoja uliopinda, lakini leo naomba, na naandika kwa mkono wangu mwenyewe, hii siku ya tatu niko kwenye barua hii, kwa hiyo uisome yote.

Nina mjukuu wa kike ninayemlea, ana miaka kumi na mmoja, namwita Hakimu kwa sababu humshindi neno, na miguu yake haina nguvu tangu azaliwe, anatumia kiti cha magurudumu. Shule yake imekaa juu ya msingi mrefu, unapanda ngazi tisa za zege ndipo ufike madarasani, na ngazi hizo nilizijenga mimi nikiwa kijana, mpaka leo hazina ufa hata wa kupitisha sisimizi. Kila asubuhi nilikuwa nambeba mgongoni mpaka juu, siku moja akaninong'oneza, "Babu, mimi si mfuko wa saruji, wenzangu wanatazama." Nikamwambia mfuko wa saruji haunisemi sikioni, tukacheka. Lakini mwezi uliopita goti langu liligoma kwenye ngazi ya sita, sikuanguka, nilikaa tu, watu wasikudanganye, basi kesho yake mwalimu mkuu akaniita ofisini.

Akanipa soda. Akasema mbele ya walimu wawili, "Fundi, ngazi zako ni fahari ya shule hii, hebu tuwekee sahihi hapa." Mimi kusoma nasoma, ila kwa kidole, na sikutaka walimu wakione kidole changu kikitambaa kwenye karatasi, nikaweka sahihi yangu ile yenye mkia mrefu nikijua ni karatasi ya shukrani. Nyumbani Hakimu akanisomea nakala niliyopewa, yenye muhuri wa shule. Kumbe nimekubali asomee stoo, kule chini, pamoja na majembe na madawati mabovu, na mwalimu ashuke "akipata nafasi". Wiki tatu sasa, mwalimu amepata nafasi mara nne.

Redioni nimesikia kuna sheria mpya, mtoto asitengwe na wenzake kwa sababu ya maumbile yake, na shule isiyotii inashtakiwa ofisi ya elimu. Nikamwendea mwalimu mkuu, nikamwambia nakushtaki. Alicheka mpaka akavua miwani. "Utazishtaki ngazi zako mwenyewe, mzee? Na sahihi hii ni ya nani?" Nikasema basi nakuja na nyundo nizibomoe, akasema nitawakuta polisi wananisubiri. Nikarudi nyumbani moyo unaniwaka, na Hakimu badala ya kulia akanipoza, "Acha tu Babu, stoo ina dirisha. Wasije wakakucheka."

Mshauri, sahihi yangu ndiyo imemfunga mtoto? Na nikienda kushtaki, ni lazima niseme ngazi zangu ni mbaya? Kwa sababu si mbaya.

Fundi Timazi

*

Shikamoo, Fundi. Salamu nimeshatoa, sasa niruhusu nikugombeze.

Nyundo iache nyumbani. Ngazi zako ni nzuri na hakuna anayebisha. Ila sheria haiulizi zege lina ufa au halina; inauliza mtoto anafikaje darasani. Jibu ni kwamba hafiki. Sema hivyo tu, inatosha. Ngazi zibaki, na ubavuni ujengwe mteremko: kila shubiri moja ya kwenda juu, shubiri kumi na mbili za kwenda mbele. Najua utasema ni mrefu mno. Ndivyo unavyotakiwa kuwa.

Sahihi yako haijamfunga mtu. Haki ya kusoma pamoja na wenzake ni ya mtoto, si yako, na cha mwenzio huwezi kukigawa hata ukiweka mikia mitatu. Nakala hiyo usiichane! Mwalimu mkuu amekuandikia mwenyewe, kwa muhuri wa shule, kwamba amemtenga mtoto. Ushahidi gani unautaka zaidi ya huo? Hakimu na aorodheshe siku zote ambazo mwalimu hakushuka. Shule ikithubutu kumwadhibu kwa sababu mmelalamika, hilo nalo ni kosa, liripotini siku hiyohiyo.

Na hutalazimika kuandika. Malalamiko yanapokelewa kwa mdomo. Ofisa ataandika, kisha atakusomea kwa sauti. Asipomaliza kusoma, kalamu usiiguse. Mwambie, "Macho yangu ni mazito, nisomee." Hakuna aliyewahi kufa kwa maneno hayo.

Sasa lile linaloniuma. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hapendi stoo, baba yangu. Anakupenda wewe. Amekubali kukaa na majembe ili wewe usichekwe, na wewe umemwacha huko ili usionekane unasoma kwa kidole. Hapo mkubwa ni nani? Mwombe radhi leo, kabla hamjala. Usimwambie habari za ngazi. Mwambie, "Niliona aibu, ukalipa wewe."

Jumatatu ofisi ya elimu inafunguliwa saa mbili. Saa moja na nusu uwe mlangoni, wewe na yeye, na ile nakala. Ofisa akiuliza mwenye malalamiko ni nani, najua mdomo utakuwasha. Ufunge, Fundi. Mwache mtoto ajibu.