Mwalimu wa Historia Yuko Stafford

Jumapili, 2 Machi

Siku ya pili ya Ramadhani. Sambusa zimenipasukia kwenye mafuta, nikazitoa hivyohivyo. Rehema kafuturu tende na maji, akataka kurudi chumbani. Baba yake akamwambia kaa. Akakaa, macho kwenye sahani.

Amepata moja kwenye jaribio la historia ya Marekani. Alama ni moja mpaka tano, na tatu ndiyo kupita. Moja maana yake aliandika jina lake vizuri.

Darasa hili la juu, AP wanaliita, alilitaka mwenyewe. Mshauri wa shule alimwambia achukue lile la kawaida, akakataa. Anataka kusomea sheria. Leo anasema akifeli mtihani wa Mei, mwakani anarudi darasa la kawaida kwa kila somo, na tusimtajie sheria tena. Kayasema kwa Kiingereza, polepole, kama mtu aliyekwisha amua.

Mimi siwezi kumsaidia. Historia niliyosoma Tanga ilikuwa ya Wajerumani na mkonge. Ya hapa najua barabara ipi ya Arlington hapa Texas ina foleni saa za kutoka kazini, basi.

Jumatano, 5 Machi

Natafuta mwalimu. Kile kituo cha masomo karibu na duka la nyama wamejaa mpaka kiangazi. Kijana wa chuo kikuu amemfundisha kwa video mara moja, anatafuna chipsi mbele ya kamera, halafu hapokei simu. Mwalimu wa darasani husaidia baada ya vipindi, lakini wanafunzi wanamzonga, Rehema anarudi na swali lake lilelile.

Kliniki ya figo nikiwa zamu, wenzangu manesi wakishindwa kupata mshipa wa sindano wananiita mimi. Nyumbani mwanangu amekwama na mimi nimesimama na mwiko mkononi. Inaniuma.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia wifi Zuhura. Ni binti wa baba mkubwa wa mume wangu, yuko Stafford, huko Houston, mwendo wa saa nne kwa gari. Nilimwambia kama mtu anavyotoa dukuduku. Sijavua viatu, kundi la familia la WhatsApp lote linajua Rehema ana shida ya historia. Shangazi yuko Dodoma anauliza ni historia gani.

Ila wifi ana jawabu. Baba yake, Mzee Hamisi, alikuja mwaka jana kuishi naye. Amefundisha historia sekondari Morogoro mpaka akastaafu.

"Mwalimu mnaye ndani, halafu mnazunguka kutafuta watu wa barabarani," wifi kaniambia. "Nyie vipi?"

Nimefurahi. Niliandike hilo, maana ni kweli. Historia si historia tu? Nimempigia mzee mwenyewe, nikamwamkia, nikamwomba, nikamwambia yeye ndiye tegemeo letu. Akanyamaza kidogo, nikadhani simu imekata. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Mlete."

Jumamosi, 15 Machi

Stafford. Shule zimefungwa wiki hii, tumeshuka sote kwa gari na swaumu zetu. Mzee alikuwa ametusubiri kavaa koti na kofia, meza imefutwa, hakuna kitu juu yake isipokuwa kalamu. Alipendeza. Akamkalisha Rehema, akasimama mbele yake.

"Andika," akasema. "Sababu za vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwanza."

Mtoto akaandika mpaka karibu na magharibi. Wakati wa kufuturu mzee akamwambia azitaje bila kuangalia. Akazitaja zote. Tukapiga makofi, wifi akarusha picha kwenye kundi. Nilijisikia mwepesi, nikala kupita kiasi.

Kwenye gari Rehema akasema, "Mama, the test doesn't ask that." Nikamuuliza mtihani hauulizi nini. Akanieleza kwamba wanapewa barua na hotuba na matangazo ya zamani, kila mtu kasema lake, na wao wajenge hoja kutokana nayo. Nikamwambia babu yako amefundisha kabla hujazaliwa. Akaweka vile visikilizi vya masikioni, hakuvitoa mpaka nyumbani.

Jumamosi, 22 Machi

Sasa ni kwa video, kila Jumamosi asubuhi. Mzee haonekani, linaonekana paji la uso na feni ya wifi. Sauti ndiyo inajaza nyumba. Andika. Matokeo ya vita. Kwanza.

Hachelewi hata dakika. Rehema anaandika. Hajibu, habishi. Hilo ndilo linanitisha.

Jumapili, 30 Machi

Idi. Biriani imetoka vizuri, hakuna kingine kilichotoka vizuri.

Jaribio jingine. Moja tena. Nimemvuta mume wangu jikoni, nikamwambia zungumza na mzee. Akasema wewe ndiye uliyemwomba. Nikasema mzee ni wa kwenu. Akasema ndiyo maana hawezi. Tumegombana kwa kunong'ona, wageni wako sebuleni wanasifia pilipili.

Ana haki, na hilo linaniudhi zaidi. Unamwambiaje baba mkubwa, mwalimu wa watu, mtu aliyevaa koti kumfundisha mtoto mmoja, kwamba hatoshi? Kwa mdomo gani? Ukishamwomba mzee, umeomba. Sina njia.

Jumanne, 8 Aprili

Maktaba wamenipigia. Kuna mama wa Kimarekani, mwalimu mstaafu, anafundisha mtihani huuhuu pale, niliandikisha jina la Rehema nikasahau. Mtoto mmoja amejitoa. Nafasi ni ya Jumamosi asubuhi tu, saa ileile ya mzee.

Nimesema ndiyo kabla sijafikiri. Sasa nafikiri.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwambia wifi kwamba Rehema ana homa, kesho hataweza kusoma. Imetoka mdomoni kirahisi, uzoefu wa kazi.

Rehema alikuwa mlangoni. "But I'm not sick." Nikamwambia najua haumwi, ni kwa heshima ya babu. Akaniangalia sana, kisha akaenda kupanga mkoba wake. Sijapenda alivyoniangalia.

Jumamosi, 12 Aprili

Kutoka maktaba mpaka nyumbani hakunyamaza. Yule mama amempa barua ya msichana wa zamani aliyefanya kazi kiwanda cha nguo, akamuuliza: anamwandikia nani, anataka aaminiwe nini, na nini hakusema? Rehema amenieleza mara mbili, mikono inazunguka. Sijamsikia hivi tangu msimu wa baridi. Nilipita mlango wetu nikazunguka mtaa, ili aendelee.

Nyumbani nimekuta simu za wifi ambazo sikupokea. Kundi zima linamwombea Rehema. Mzee mwenyewe akapiga, akauliza homa imefika ngapi. Mimi nesi, nitasema sijui? Nikamtajia. Akauliza kama anakula. Nikasema kidogo. Rehema, aliyekuwa anakula ugali wake mbele yangu, akasukuma sahani.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimesema homa inapanda na kushuka. Wifi akakata simu haraka. Nimeshukuru, nikalala usingizi mzuri mchana huu baada ya zamu. Mpumbavu mimi.

Jumamosi, 19 Aprili

Wamekuja.

Wametoka Stafford baada ya alfajiri, wifi anaendesha, mzee pembeni. Kengele imelia nikafungua nikijua ni vifurushi. Wifi ana sufuria ya supu ya kuku wa kienyeji, sijui kamtoa wapi Houston hii, imefungwa kwa kanga isimwagike. Mzee ana asali na ndimu.

Nilitegemea nini? Ningesema mtoto ana mazoezi ya mpira, wangenielewa. Nimesema mgonjwa, kwa watu ambao hawawezi kusikia mgonjwa wakakaa. Mimi mwenyewe ningeendesha. Nilisahau namdanganya nani.

Shikamoo. Marahaba. Mgonjwa yuko wapi? Nikasema amelala. Mume wangu akageukia televisheni iliyozimwa, akaiangalia kwa makini. Mzee akasema tusimwamshe. Wifi akaingia jikoni kupasha supu, akaniuliza bakuli ziko wapi, na harufu ya tangawizi ikajaa nyumba. Tukakaa. Kila gari lililopita nje nililitegea sikio. Ningeweza kutoka kumzuia njiani. Ningeweza kusema kweli. Niliuliza habari za foleni ya Huntsville njiani.

Rehema akaletwa na mama wa rafiki yake. Kaingia na mkoba, kashika karatasi, anatabasamu. Akasimama. Mzee akaangalia viatu vya mtoto, kisha mlango wa chumba uliofungwa, kisha mimi. Nikainuka kumpokea mkoba.

Ni Rehema aliyesema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Shikamoo Babu. Mimi si mgonjwa. Nilikuwa library, kuna teacher. Ile mtihani inataka kitu ingine, si kama tuna-do na wewe. Mama aliogopa kukwambia."

Wifi alikuwa amesimama na bakuli. Akaliweka chini.

"Najua," mzee akasema.

Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Historia ya Amerika sijaifundisha hata siku moja. Kila wiki nasoma kwanza mimi, ndiyo nakusomea wewe. Mama yako aliniomba. Ningemwambiaje hapana?"

Nilitaka sakafu inimeze. Nikakumbuka alivyonyamaza siku ile kwenye simu. Mimi sikuweza kumwachisha, yeye hakuweza kunikatalia, na mtoto ameandika mwezi mzima kwa adabu zetu.

Mzee akavaa miwani, akamwomba Rehema zile karatasi. Wakainama mezani wawili. Wifi hakukaa. Aliosha alichokitumia, akamwita baba yake kwamba safari ni ndefu. Supu ameiacha. Mimi hakuniaga.

Jumamosi, 26 Aprili

Wifi kimya. Nimemtumia ujumbe wa kuomba radhi, ameusoma. Nimeandika mwingine, nikaufuta.

Yule mama wa maktaba kaniita pembeni. Anasema Rehema ana akili ya kuhoji, na angempata Januari isingekuwa taabu. Kaniambia kwa upole. Nimetikisa kichwa kama ndugu wa wagonjwa wanavyofanya wakiambiwa jambo, na sasa najua kwamba hawasikii lolote.

Jioni mzee kapiga simu, si kwangu. Kamuuliza Rehema leo amesoma nini.

Ijumaa, 9 Mei

Mtihani. Nimempeleka mwenyewe, nimeomba ruhusa kazini. Njiani nilitaka kumwambia kitu, nikamuuliza kama ana kalamu. Wanafanyia kwenye kompyuta.

Sikuondoka. Nimekaa maegesho ya shule, kiyoyozi kinanipuliza, nasoma Ayatul Kursiyu nakosea, naanza upya. Wazazi wengine wameshusha watoto wakaenda zao. Nilifanya kitu gani cha maana pale? Hakuna. Sikuwa na pengine pa kuwa.

Ametoka, akafunga mkanda. Nikangoja. "Sijui, Mama," akasema, na tukaenda nyumbani.

Jumatatu, 7 Julai

Mbili.

Kanionyesha simu, akaingia chumbani. Hakubamiza mlango. Afadhali angebamiza.

Na sisi hatujamwambia mtu. Mchana wifi, ambaye hajaniandikia neno tangu Aprili, kaandika kwenye kundi: HONGERA MJUKUU WETU, MWANASHERIA WETU. Kasikia tu kwamba matokeo yametoka. Nadhani ndiyo ilikuwa njia yake ya kupatana na mimi. Wakamfuata wote, Dodoma, Tanga, Dallas, maua na makofi. Shangazi kauliza sherehe lini.

Nimeshika simu mpaka ikapata joto. Nikisahihisha namuumbua wifi na mtoto. Nikinyamaza ni homa nyingine. Mume wangu akasema acha, watasahau. Nimeandika, nimefuta. Nimeandika tena, nimefuta.

Halafu Rehema akaandika mwenyewe, kutoka chumbani. "Nimepata 2. Sikupita. Asanteni kwa dua."

Kundi ambalo halijawahi kunyamaza likanyamaza. Nimeliangalia nikilia.

Mzee Hamisi haandiki kamwe. Alituma sauti. Akakohoa kwanza. "Tumefeli wawili, mimi na yeye. Mkitaka kumsema, mniseme na mimi. Rehema, Jumamosi nipo."

Wifi akafuta ile hongera. Baadaye akaniandikia mimi peke yangu: amekula? Nikamjibu bado.

Jumamosi, 12 Julai

Joto. Nimepika maharage ya nazi, chapati zinasubiri.

Fomu ya masomo ya mwakani bado haijajazwa. Iko kwenye akaunti yake ya shule, mimi siwezi kuifungua. Hajasema kitu kuhusu darasa la juu wala la kawaida wala sheria. Nimejizuia kuuliza wiki nzima, na sijui kama hiyo ni busara au woga.

Asubuhi hii kaweka tableti mezani saa ileile. Nikamwambia mtihani umekwisha. Akasema babu ana maswali.

Nimesimama jikoni, mlango uko nusu wazi. Naliona paji la uso la mzee na feni. Rehema anamsomea ile barua ya msichana wa kiwandani, anaitafsiri, neno likimshinda anazunguka mpaka analipata. Mzee anauliza, huyu anamwandikia nani? Rehema hakumjibu. Akamwambia, "Babu, andika. Wewe unafikiri ni nani?"

Paji la uso likainama. Mzee anaandika.

Nimepunguza moto. Sijaitwa, sijaingia.