Maziwa ya Uzeeni

Somanda, Bariadi

Mdogo wangu mpendwa Mektilda,

Mwangaluka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Lamadi, wewe na wajukuu, na kwamba goti limepunguza kuuma. Mimi moyo umechoka na miguu imevimba. Daktari hakunificha kwamba safari yangu ni fupi, wala sina hofu.

Furaha ya nyumba hii ni shemeji yako. Luhende amerudi kuwa mtu. Juzi alimwambia mchungaji kwamba kwa mahubiri yake hata kuku wa sadaka walisinzia. Huyu ndiye aliyeshinda mwaka mzima akitazama ukuta, na vidonge vya sonona alipoandikiwa akavikataa, akisema ni vya vichaa.

Unakumbuka pia maziwa yalivyonitoka kifuani yakalowesha gauni langu kanisani, nami nina miaka sabini na minne. Ulisema ni baraka ya marehemu mama, ukachinja mbuzi, na wanawake wakacheza hadi vumbi likaingia kwenye masufuria. Nami nikacheza, mwalimu mzima wa sayansi.

Sasa nakiri, Mektilda: mama hakuhusika. Nilimfanyia Luhende kama tunavyomfanyia mgeni, mwenyeji aonje kwanza kabla ya kumpa kibuyu. Kila asubuhi nilimeza kidonge kile kile cha sonona mbele yake, ndipo naye akameza chake. Daktari Gloria, niliyemfundisha, alicheka kwanza, kisha akanigombeza. Alieleza kwamba vidonge hivyo vinaweza kupandisha homoni ya maziwa hata kwa mtu asiye na sonona. Akaniachisha kidogo kidogo, na maziwa yakakauka. Lakini mbele ya Luhende niliendelea kujifanya nameza, nikiogopa nikiacha naye ataacha. Na nikifa, nani atamwonjea?

Jumapili nilimweleza yote. Nilidhani nimeharibu. Kisha akacheka hadi akashika mbavu, akasema, "Mama Joakim, kumbe ulikuwa unaninyonyesha mimi."

Tangu hapo anachukua kidonge mwenyewe, anakimeza, halafu ananiuliza kama mimi nimekunywa dawa zangu za moyo.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Njoo upesi, shemeji yako ana hamu ya kukutania, nami nataka niwepo nisikie.

Dada yako akupendaye,
Elizabeth