Aliyekosa Husema Kwanza

Editha mjukuu wangu,

Amahoro, amani iwe nawe huko kwenye baridi. Sisi hapa Kagerankanda tu wazima. Mama yako anavuna maharage, na mguu wangu unalalamika kidogo, usiuulize.

Nimesomewa ujumbe wako mara mbili. Unasema meli yenu inapita kando ya barafu, mnachota maji kutafuta vijimea visivyoonekana kwa macho, chakula cha viumbe wote wa huko. Mahali pengine vimejaa, pengine hakuna, na bahari ni ile ile. Maji unayochota wewe ndiyo hayana kitu. Unauliza, "Bibi, nimekuja kufanya nini huku?"

Pole, mama. Nilipokuwa msichana tulikwenda kutafuta uyoga mvua za kwanza zikishanyesha. Kichuguu hiki kimejaa, cha jirani hakina hata mmoja, na mvua ni ile ile. Siku moja nilirudi na kikapu kitupu, nikajificha nyuma ya jiko. Mama akaniita mbele ya wanawake wote tuliokwenda nao.

"Aliyekosa husema kwanza. Umepita wapi?"

Nikavitaja vichuguu vyangu huku nalia. Walinisikiliza, kisha shangazi akasema, "Basi kesho tusiende huko, twende upande wa mtoni." Kesho yake tulipata uyoga hadi tukawagawia majirani.

Sijui jiko la meli liko wapi, lakini usijifiche nyuma yake. Wenzako wakikaa kuulizana, wewe sema kwanza ulikokosa.

Bibi yako