Nyuma ya Jiwe la Mgodini

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Naomba barua hii ikukute ungali na nguvu, maana kumuuguza Mama si lelemama. Kifua chake kimepoa? Au bado anakugombeza kwamba chai haina sukari? Mimi ni mzima, wa mwili tu.

Kazi hii ya kupiga picha kumbukumbu za kale za wilaya imenichosha, kusema kweli. Makumbusho wanataka kila jiwe na kila kibao: hapa palikuwa gereza, pale daraja la kwanza. Vingine vimemezwa na magugu, vingine mbuzi wanajikunia migongo. Jumatatu nikafika kwenye jiwe letu, la waliofukiwa mgodini. Unakumbuka nilipoondoka Mama alinishika mkono, akasisitiza nipige mbele na nyuma? Nilijisemea uzee huo, nyuma ya jiwe kuna nini?

Jina la Baba lipo, mstari wa tisa, wa mwisho. Dada, nililia. Akaja bibi mmoja na ufagio, mjane wa mchimbaji, ndiye anayelisafisha jiwe. Akauliza wangu ni yupi. Nikamwonyesha kwa majivuno, si unanijua? Akanitazama sana, akasema ndiyo maana, pua ni ile ile.

Kisha akaniambia Baba hakufia mle. Alikuwa mlinzi wa mlangoni, kazi yake kupiga kengele udongo ukianza kumeguka. Ulipomeguka alitimua mbio, kengele hakuigusa. Jioni bibi mwenyewe alimwona akipanda basi, na hakurudi. Nikamwambia mwongo. Nilimfokea, Mungu anisamehe, mtu wa umri wa Mama! Yeye akaendelea kufagia.

Alipomaliza akasema waliokufa walikuwa tisa, na jiwe lilikuwa na nafasi ya majina tisa. Mama alimwendea akampigia magoti, wewe umeshika gauni lake, mimi nipo mgongoni, akimsihi tusikue tukiitwa watoto wa mwuaji. Bibi yule hakujaliwa mtoto. Akaona jina la mumewe halina wa kulisoma, akampa Mama ule mstari.

Nikazunguka nyuma. Jina la mumewe liko huko, limekwaruzwa kwa msumari, herufi zimepinda. Kila mwaka hulikwaruza upya mvua isilifute. Ndipo nikaelewa Mama alichonituma: alitaka kujua kama bado linasomeka.

Picha zote mbili zimo humu. Mwonyeshe Mama ya nyuma kwanza, angali anaona. Akiuliza kama nilimwomba bibi radhi, mwambie kwa mdomo sikuomba. Mwambie pia kwamba mikono ya bibi sasa inatetemeka, na mwaka huu msumari niliushika mimi.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu wadogo. Ukitaka kulia, lilia jikoni, Mama asikuone.

Mdogo wako akupendaye,
Bwana Picha