Bunduki ya Bega la Kushoto

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji na wale watundu wenu. Natumaini yale mafua yaliyowakalia kama mgeni asiyejua kuaga yamekwisha, na kwamba shemeji ameipata tena sauti yake, ingawa nasikia ulizifurahia sana siku za ukimya. Sisi huku hatujambo. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, likishapata moto linasahau, naye anaendelea kututawala kama kawaida. Mimi bado niko kwenye tanuri la mikate. Nimepandishwa cheo: sasa nina kigoda changu mwenyewe cha kufikia trei za juu, siazimi tena cha mtu. Cheka tu, najua umeshaanza.

Barua yako niliipata. Unasema umempata mtu wa kununua bunduki za Baba, ya kwake na ile aliyoiacha marehemu baba mdogo, halafu wazee wahamie kwako. Sikukujibu upesi kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo, ila ni refu, kwa hiyo tafuta kiti.

Unajua Baba alivyokuwa tangu tumzike baba mdogo. Msimu mzima wa kwale ulipita hakugusa bunduki. Chama chao cha wawindaji hakimruhusu mtu kuingia mashambani peke yake, lazima awe na mwenzake, na mwenzake siku zote alikuwa mdogo wake. Basi Baba akakaa. Alikaa sebuleni mpaka kiti kikachukua umbo lake. Alipochoka kukaa akaingia jikoni kumfundisha Mama kukata vitunguu. Mama aliniita pembeni akaniambia kwamba mwanamume aliyeezeka nusu ya mapaa ya mji huu sasa anakagua sufuria, na kwamba katika nyumba hii mmoja wao itabidi aondoke, na yeye hana mpango wa safari. Kisha jioni moja, tukiwa mezani, Baba akasema kwamba msimu mpya ukifunguliwa kabla hajapata mwenzake, atarudisha kibali chake chamani na mambo yaishe. Alilisema jambo hilo kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Mama aliacha kutafuna.

Ndipo nikasema mimi nitakuwa mwenzake. Baba alinitazama kuanzia utosini hadi miguuni, safari ambayo kwangu haichukui muda mrefu. Akasema bunduki si mwiko wa kusongea ugali. Nikamwambia ninanyanyua magunia ya unga kila alfajiri, na mkono ninao. Akakubali kwa shingo upande. Nikaenda kwenye mafunzo ya chama, nikafaulu mtihani wa usalama, nikapata leseni. Hayo yote yalikuwa rahisi, Dada. Kazi ilianza siku niliyoshika bunduki yenyewe.

Baba alinipa ile ya baba mdogo. Nia yake ilikuwa njema, alitaka ibaki mikononi mwetu. Lakini baba mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa akiinama kila mlangoni. Kitako cha bunduki yake kilikuwa kirefu kiasi kwamba ili kidole kifike kwenye kifyatulio nilipaswa kunyoosha shingo kama kobe, na badala ya kukaa begani kilikaa kwenye mkono. Kwenye uwanja wa mazoezi wanarusha visahani vya udongo hewani ili mtu alenge. Vyangu vyote vilitua chini vizima, ungeweza kuvipeleka nyumbani na kuvitumia. Bega likavimba, shavu likaiva, na wazee wa chama wakaanza kunipa pole kwa sauti ile wanayotumia msibani. Mmoja alimshauri Baba kwamba mwanamke mdogo anunuliwe bunduki nyepesi. Wote wakaitikia kwa vichwa. Ni jambo linaloingia akilini, si ndiyo? Hata mimi niliitikia.

Basi tukaenda kwa fundi bunduki, yule wa mtaa wa mafundi saa, ambaye watu humwita Bwana Rula. Ni mzee mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine utosini, na anapenda kujisikia akizungumza. Baba aliingia kama mwenye duka, akaagiza bunduki nyepesi kuliko zote. Fundi akaifungua moja, akaonyesha kwamba haina risasi, akanipa. Ilikuwa nyepesi kama ufagio. Baba alikuwa ameshaanza kutabasamu. Fundi akasema tusifanye haraka, akatupeleka nyuma ya duka kwenye shimo lake la kujaribia bunduki, akaniruhusu kufyatua mara moja. Dada, punda angenionea huruma zaidi. Nilirudi nyuma hadi nikaegemea kifua cha Baba.

Hapo Bwana Rula akapata nafasi aliyokuwa akiisubiri. Alitueleza kwamba teke la risasi haliendi popote, lazima limezwe na kitu, na uzito wa bunduki ndio unaolimeza. Bunduki ikiwa nyepesi, anayelimeza ni mwenye bega. Kosa hilo, alisema, kila baba mwenye mapenzi hulifanya, na kila mume, wakidhani wanamwonea mwanamke huruma. Kinachomfaa mtu mdogo ni bunduki yenye mtutu wa tundu dogo, risasi isiyo na baruti nyingi, kitako kifupi chenye mpira mwishoni, na uzito wa kutosha kumtuliza lakini usiomchosha akitembea nayo siku nzima. Juu ya hayo yote, ni lazima imkae. Akasema hakuna anayenunua kiatu kwa kuuliza kama ni chepesi tu.

Akaanza kunipima kama fundi cherehani. Alinitaka nivae koti lile lile nitakalovaa mashambani, maana koti nene hufupisha mkono. Alipima kutoka kwenye kiwiko hadi kidoleni, akaipima shingo, akasema ni ndefu kwa mwili wangu, kwa hiyo mgongo wa kitako, pale shavu linapolala, uinuliwe kidogo. Kisha akafika mahali pa kueleza kwamba kwa wanawake ncha ya chini ya kitako hugeuzwa kidogo kwa nje isichome, hapo, yaani, sehemu za kifuani. Maneno hayo aliyaelekeza kwenye dari. Baba ghafla akavutiwa mno na kalenda iliyokuwa ukutani, ya mwaka juzi.

Mwisho akaniambia nifumbe macho, niinue bunduki tupu hadi shavuni, kisha niyafumbue. Alitaka kuona kama jicho langu linakaa sawasawa na mtutu bila mimi kulitafutia mahali. Alitazama, akavuta midomo, akabadilisha miwani. Akaniambia nikutanishe viganja nikiacha tundu dogo katikati, nikiangalie kitasa cha mlango kupitia hapo kwa macho yote mawili, kisha nifumbe jicho moja baada ya jingine. Nilipofumba la kushoto, kitasa kikatoweka. Akacheka kwa furaha ya mtu aliyeokota sindano yake iliyopotea. Kila mtu, alisema, ana jicho moja linalotawala, na langu ni la kushoto, ilhali nilikuwa nikilengea bega la kulia. Ndiyo maana visahani vyangu vilikuwa vikitua salama. Akashauri nihamie bega la kushoto moja kwa moja. Kwa mtu anayeanza, hakuna cha kusahau.

Baba alipinga. Katika ukoo wetu, alisema, hakuna aliyewahi kulenga kwa kushoto, na mambo ya viganja ni michezo ya watoto. Ili kututhibitishia, akakutanisha viganja vyake mwenyewe, akatazama kitasa. Fundi akamwambia afumbe jicho la kushoto. Baba akalifumba. Fundi akamuuliza kama bado anakiona. Baba alibaki amesimama, viganja mbele ya uso, muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyohitaji, kisha akasema kuna joto humo ndani, akatoka.

Bwana Rula alivua miwani yote miwili, akaiweka mezani, akanionyesha mlango kwa kidevu.

Nilimkuta Baba kwenye ngazi za duka. Nilikaa kando yake, upande wa kulia, na nilipomgusa alishtuka. Hapo nikajua kabla hajafungua kinywa. Dada, Baba haoni kwa jicho la kulia. Mwanga anauona, basi. Lilianza kufifia muda mrefu kabla baba mdogo hajaugua. Aliniambia kwamba mara yao ya mwisho mashambani kwale aliruka, yeye akamfuata kwa mtutu kuelekea kulia, na kidole kilikuwa tayari kwenye kifyatulio aliposikia mdogo wake akimwita. Baba mdogo alikuwa amesimama pale pale, karibu, na Baba hakuwa amemwona kabisa. Hakufyatua. Hawakulizungumza tena. Halafu maradhi yakamchukua baba mdogo, sisi tukasema Baba ameacha kuwinda kwa huzuni, naye akatuacha tuseme hivyo. Aliniambia afadhali tumwone mwenye majonzi kuliko tumwone kipofu. Alilia, Dada. Nami nililia pale kwenye ngazi, watu wakitupita na saa zao mbovu mikononi.

Akaniomba nisimwambie Mama wala wewe. Nilimwambia siwezi. Mama alipopata habari alipiga meza akasema mficha maradhi kifo humfichua, kisha akamshika kichwa na kumtazama lile jicho kana kwamba angeliamrisha lione. Kesho yake walikuwa kwa daktari. Jicho la kulia halina tiba, amechelewa. La kushoto ni zima kabisa, na daktari atakuwa akiliangalia mara kwa mara.

Sasa sikiliza lililofuata, kwa sababu ndilo jibu langu. Tulirudi kwa Bwana Rula kuchukua bunduki yangu mpya, ile yenye tundu dogo niliyomwagiza. Alikuwa amekifupisha kitako, akakipasha kwa mafuta ya moto na kukipinda taratibu kuelekea upande wa kushoto. Niliinua, na jicho likakuta mtutu pale pale lilipotaka kuukuta. Sikuwa nimejua kwamba kitu cha chuma kinaweza kumkubali mtu. Nilikuwa bado naifurahia nilipomsikia Baba, nyuma yangu, akimuuliza fundi kwa sauti ya chini kama kitako cha mtu mzima nacho hupindika.

Siku zilizofuata tulijifunza pamoja, bega la kushoto wote wawili. Mimi nilianza kuvunja visahani. Baba aliyeniambia bunduki si mwiko alikosa, akatukana, akakosa tena, na wale wazee wa chama wakahamishia pole zao kwake. Mwenyekiti wa chama alikwisha kuambiwa kila kitu kuhusu jicho. Alituruhusu kwa masharti kwamba mimi nitembee kuliani kwa Baba, nimtamkie mahali nilipo kila tunapogeuka, na yeye asifuate ndege anayekwenda upande huo. Msimu ulipofunguliwa tuliingia kwenye mashamba yaliyovunwa, umande ukiwa bado kwenye mabua, mimi nikisema nipo, naye akiitikia. Nilimpata kwale mmoja. Baba hakupata hata unyoya, na alirudi nyumbani akipiga mluzi. Mama alisimama mlangoni akausikiliza ule mluzi tangu kona ya mtaa, halafu akaingia ndani haraka ili asionekane uso.

Kwa hiyo mwombe radhi yule mnunuzi. Bunduki ya Baba haiuzwi, na wazee hawahami, si mwaka huu. Ile ya baba mdogo tumeitunza kwenye kabati la chuma, na Baba anasema itamngoja mrefu atakayezaliwa kwenu.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na uwaambie mama yao mdogo sasa ni mwindaji, na ushahidi upo, maana nina picha. Mama anasema uje na mafuta ya goti, yale ya kopo la kijani. Baba anasema uje tu.

Na ukija, Dada, atakuwa kituoni anakusubiri. Usimtokee kwa kulia. Zunguka, umjie kwa kushoto, polepole, ili akuone tangu mbali.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Punje